Kidole cha Masanja

Ipogolo, Jumapili ya mwisho ya Julai. Mwaka wa kumi na tisa tangu nitoke Ubaruku, bondeni Usangu, na ng'ombe waliobaki. Jua lipo, joto hakuna.

Mchana nilitazama sumo, mieleka ya Wajapani, kwenye runinga na mkwe wangu, mwalimu. Mshindi alikuwa amemvuta mwenzake nywele. Waamuzi waliovaa nguo nyeusi wakapanda ulingoni, wakateta, wakampokonya ushindi.

"Baba, hawa wanene wana sheria nyingi kuliko mpira!" mkwe alicheka. Akanisomea kwenye simu mambo yaliyokatazwa: ngumi, kukaba koo, kupiga masikio yote mawili kwa mpigo, kukunja kidole cha mpinzani kinyume.

Hapo niliacha kucheka.

Tulipohamia Usangu kutoka kaskazini, kiangazi visima vilikuwa vichache. Wachungaji wawili wakifika pamoja, walipigana mieleka. Ng'ombe wa mshindi walikunywa kwanza. Wa mwenzake walisubiri maji yajae tena. Ruhusa ilikuwa kushika kiuno au mkono, basi. Siku moja nilikutana na Masanja, kaka wa mke wangu. Aliponizidi, nilikikunja kidole chake cha kati mpaka kikalia. Akaanguka. Hakuna aliyeona. Ng'ombe wangu wakanywa, nami nikaimbwa kama mshindi.

Kidole hakikunyooka tena. Mkono ule haujakamua tangu siku hiyo.

Leo jioni Masanja alipiga simu. "Shemeji, bado unaganda huko kama kiazi? Dada yangu ulishamzika, ng'ombe huna. Njoo, nimekutengea kiwanja pembeni yangu hapa Ubaruku."

Nikamwambia, "Masanja, kile kidole nilikikunja makusudi."

Akajibu, "Ulidhani sijui? Kidole si changu?"

"Wanao wanajua?"

"Wanajua ni plau iliyonivunja nikilima. Dada alikuwa na mimba yako, ningesema nini?"

"Basi waambie sasa."

"Wajue baba yao amewadanganya miaka yote? Acha hizo, bwana. Njoo ule mchele mpya."

Nikamuaga.

Nimelifikiria jambo hili tangu tulipokata simu. Wanawe hunipisha kiti nikifika. Ningekula nao kila siku, kidole kile kikiwa sahanini mbele yangu, na uongo wa kunilinda ukiwa mdomoni mwa baba yao. Nikisema, namvunjia heshima nyumbani kwake. Nikinyamaza, nimemwangusha mara ya pili.

Kesho asubuhi nitampigia, nimshukuru kwa kiwanja. Ubaruku sirudi.