Mmea wa Baba Haumo Kwenye Orodha

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Herufi H leo. Majina arobaini na mawili, halafu laini ikakatika. Mtu wa uhasibu kainua simu yake tu, intaneti yote ikaanguka. Nikaanza upya.

Kazi yenyewe haina siri. Nachukua jina la mmea kwenye orodha ya hebaria yetu, ghala la mimea iliyokaushwa, naliandika kwenye tovuti ya Wazungu ya majina ya mimea, nangoja. Likipatikana, alama ya vema. Likiwa limebadilishwa, naandika jipya. Lisipopatikana, napiga mstari mwekundu kwenye karatasi na kulifuta kwenye kompyuta. Amri ya Dakta Wachira. Kungoja kunanichosha kuliko kufua mablanketi.

Jioni Baba kauliza tena kama nimefika kwa mmea wake. Alikuwa dereva wa hebaria hii hii mpaka alipostaafu. Safari moja gurudumu lilitoboka chini ya kilima cha kwetu Ukambani. Alipoinama kutafuta jiwe la kuzuia gari akaona maua ya buluu ambayo bosi wake, mtaalamu Mzungu, hakuwahi kuyaona popote. Waliyakausha, yakabandikwa kwenye karatasi, yakaingia kabatini. Mzungu akaahidi kuyapa jina rasmi. Akarudi kwao, akafa. Baba bado anangoja. Jina la Kilatini halijui, anajua la Kikamba tu, na tovuti haijui Kikamba.

Jumanne, 14 Septemba

Nimegombana na Dakta. Nilikwenda makabatini kutazama baadhi ya mimea yenye mstari mwekundu. Mingi ina majina ya penseli. Mtaalamu aliupa mmea jina la muda akingoja kulichapisha, na hakuchapisha. Tovuti italijuaje? Nimemweleza polepole kama ninayemfundisha mtoto. Kajibu bila kuinua macho: "Bi. Mbithe, kisichopatikana kwenye mtandao hakipo."

Hakipo! Nimekishika kwa mikono yangu. Mizizi ina udongo hadi leo. Mpumbavu mwenye digrii tatu.

Alhamisi, 23 Septemba

Nimeshinda. Nilimwandikia barua, nakala kwa mkurugenzi. Dakta kanuna lakini kakubali: kuanzia herufi L, jina lisilopatikana halifutwi, linawekewa alama na kubaki. Nilitembea hadi nyumbani Shauri Moyo nikiimba peke yangu kama mlevi.

Baba kafurahi kuliko mimi. Kanituma soko la Gikomba nilete matumbo. "Mama, wewe ungekuwa wakili," kasema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Jumatano, 6 Oktoba

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya mfereji. Odhiambo, anayepanga makabati kazini na anayekaa nyumba za nyuma yetu, kanisalimia kwa furaha. "Niaje mathe. Ile kazi ya kabati imeenda chap chap. A mpaka K tumemaliza."

Kazi gani?

"Si Dakta alitupea list mpya? Karatasi yenye haiko kwa list inatoka. Makabati yalikuwa yamejaa. Tulichoma Ijumaa."

Nimeacha mitungi palepale. Nimefika kazini bila kunywa chai. Nyuma ya jengo kuna jivu na pini zilizoungua. Miaka ya watu, pini na jivu. Dakta yuko semina Naivasha, anarudi wiki ijayo. Hakuna aliyeniambia kwamba orodha yangu ndiyo ingetumika kuamua kitakachochomwa. Hakuna aliyeniuliza. Mimi nilidhani nafuta majina tu.

Jumapili, 10 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimekaa nikijiambia mmea wa Baba uko mbele, L au M au zaidi. Baba kauliza mbona nimekasirika. Nimemwambia ni kichwa.

Jumanne, 12 Oktoba

Nimetafuta daftari la safari la yule Mzungu maktabani. Lilikuwa rafu ya chini kabisa, limeliwa na mende pembeni. Nimeipata siku ile ya safari. Gurudumu, kilima, dereva ndiye aliyeona. Chini yake jina: Barleria, na neno la pili kwa penseli.

B.

Nimechukua karatasi zangu za wiki ya kwanza. Ukurasa wa pili wa B. Mstari mwekundu, umepigwa kwa rula, umenyooka. Pembeni herufi za kwanza za jina langu. Sikumbuki hata kuupiga. Siku ile nilikuwa na haraka, laini ilikuwa nzuri.

Ijumaa, 15 Oktoba

Dakta karudi. Nimemfokea kwenye korido mbele ya watu wote, hata wahasibu wametoka. Nimemwita mchoma makaa. Kasubiri nimalize, kisha kasema kwa sauti ya chini: "Lakini aliyefuta ni wewe."

Namchukia. Namchukia zaidi kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimemwambia Baba. Nilingoja amalize kula. Nimesema yote, hata rula. Mafundi wa Kamukunji walikuwa bado wanagonga mabati, kila pigo nalisikia kwenye meno.

"Ni wewe ulifuta? Si Dakta?"

"Ni mimi, Baba."

"Kikulacho ki nguoni mwako," kasema, akaenda kulala na viatu.

Jumapili, 24 Oktoba

Siku ya sita hasemi nami. Chai anakunywa kwa jirani, mama Wambui, kana kwamba sisi hatuna sukari. Kanisani kakaa kiti cha nyuma ili asikae karibu nami. Mtu mzima! Nimemkasirikia, halafu nikajikasirikia kwa kumkasirikia. Ni mmea mmoja, nimejiambia. Uongo. Kila mmea alioubeba kwenye gari miaka yote ile uliandikwa jina la mwingine. Huu ndio aliouona mwenyewe, na mimi niliyesomeshwa kwa mshahara wake ndiye niliyeufuta.

Majuto ni mjukuu. Wangu kaja mapema.

Jumatano, 3 Novemba

Herufi P. Nimeomba kazi yangu ibadilishwe, wamekataa. Sasa kila jina lisilopatikana naliinukia, naenda kabatini, nafungua folda, natazama. Dakta anasema nachelewesha mradi. Uchelewe.

Jumamosi, 13 Novemba

Nilikuwa nachambua mboga za sukuma. Baba kasimama mlangoni. "Mvua imenyesha nyumbani Ukambani," kasema. Neno la kwanza tangu ile siku.

Nimemwambia nitaomba likizo niende kuutafuta mmea wake. Kajibu nisiende mapema. Mmea bila ua ni majani tu, hakuna atakayeupa jina.

Jumamosi, 27 Novemba

Kwa baba mdogo, Ukambani. Tulifika jana. Magoti ya Baba hayawezi kilima, basi kaketi uani, mimi nikapanda na mke wa baba mdogo. Kumbe maua ya buluu ni mengi huku.

Nilimletea wa kwanza. Katikisa kichwa. Nikarudi. Wa pili kautupa kabla sijamaliza kusema, kasema huo hata mbuzi wanaujua. Nilitaka kulia. Jua lilikuwa kali, miiba imenichana mkono mzima. Nikarudi tena, juu zaidi, kwenye mwamba.

Wa tatu kaushika. Kasugua jani, kanusa kidole. Kalileta jani karibu na jicho lake moja linaloona vizuri, kaligeuza.

"Lete gazeti."

Kaulaza mwenyewe. Kila tawi lilikaa mahali pake. Jani moja kaligeuza chali ili upande wa chini uonekane. Kanitajia maneno ya lebo, nami nikaandika: mahali, mwamba, rangi ya ua, tarehe. Nilipofika kwa mkusanyaji nikaandika jina lake. Kaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Mimi leo sikupanda kilima, mama. Ongeza lako."

Nimeongeza. Tumefunika kwa mbao, juu yake mawe mawili. Yeye kalala. Kasema nimwamshe saa kumi na mbili, magazeti yatakuwa yamelowa maji ya mmea, tubadilishe.