Madaftari ya Baba Yaliyoingia Jikoni

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lako linaendeleaje na hii baridi ya Kanyakine? Ng'ombe ameshazaa? Huku Mbeere mimi ni mzima, ila jua ni kali na ndengu zimeanza kukauka shambani.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu nimeshindwa kusema. Unakumbuka likizo ya Agosti nilivyopiga picha madaftari ya marehemu Baba, yale aliyofundishia jiografia, nikakuambia, "Sasa yamehifadhiwa mtandaoni, haya makaratasi washia jiko"? Nilijiona mjanja. Na kweli yalifanya kazi. Niliziweka picha kwenye folda ya mtandaoni, wanafunzi wangu wakausoma mwandiko wa Baba kwa simu za wazazi wao. Wanja, aliyevunjika mguu na hajaja shule muhula mzima, aliandika maswali kando ya kurasa akiwa kitandani, nami nikamjibu nikiwa ofisini. Hata mwalimu mmoja wa Kangeta, ambaye sijawahi kumwona, anafundishia mchoro wa Baba wa Mlima Kenya.

Wiki jana simu yangu ikajaa. Nikafuta zile picha, nikijua nafuta za simu tu. Kesho yake Wanja akanipigia.

"Madam, notes za baba yako zimeenda wapi?"

Nilikimbilia kwa Mwalimu Njeru, anayefundisha kompyuta.

"Madam, ulidelete kwa folda ya wote," akasema. "Hapo ukitoa kwako, umetoa kwa kila mtu."

"Lakini si zilikuwa kwa simu yangu?"

"Hazikuwa kwa simu. Ulikuwa unaziangalia tu."

Mama, sikuelewa, na bado sielewi. Nilichoona akilini ni wewe jikoni ukichana kurasa moja moja kwa sababu mimi nilisema. Nililia mbele ya Mwalimu Njeru bila aibu.

Akabonyeza mahali nisipopajua. Alisema vitu vilivyofutwa hukaa hapo kwa muda kabla ya kupotea kabisa. Kurasa zikarudi zote, pamoja na maswali ya Wanja. Nikamuuliza zilikuwa zimelala wapi na nani alikuwa akizilinda. Akacheka, akanimiminia chai.

Kwa hiyo siwezi kuisema vibaya hifadhi hii. Mimi ndiye niliyechoma, yenyewe imenitunzia. Ila kichwa kinanizunguka: changu kinakuwaje cha watu wote, na nilichofuta kinakuwaje bado kipo?

Nisalimie dada yangu Kinya na mumewe, shangazi wa Nkubu aliyenishonea sare ya kwanza, na yule mzee jirani aliyefundisha pamoja na Baba.

Na Mama, angalia nyuma ya kuni. Kama kuna daftari hata moja lililobaki, lifungie kwenye sanduku lako la nguo. Nikija Desemba nikikuambia tena kwamba liko salama mtandaoni, usinipe.

Ni mimi binti yako, bado nimechanganyikiwa,
Gatwiri