Maelezo ya Shahidi Kuhusu Nyama Iliyokaa Katika Friji ya Dawa

Jina: limo kwenye jalada. Kazini naitwa Wembe.
Umri: miaka 54.
Kazi: mkataji wa sampuli, maabara ya hospitali, mwaka wa 26 sasa.
Makazi: nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu.

Nimeonywa niseme kweli, nami sina kingine cha kusema. Shule niliiacha mapema, lakini kipande cha mgonjwa nakikata chembamba hata ukikipulizia kinaruka. Madaktari wenye shahada zao huja kwangu wamenywea. Afande amesema niache kujisifu, niendelee.

Mnamo Ijumaa tarehe 6 Machi, saa 10:15 jioni, daktari mkuu wa maabara aliingia na ndoo mbili za nyama ya ng'ombe. Ilikuwa ya sherehe yake ya kupandishwa cheo. Friji ya kwake imejaa. Akafungua friji yetu ya dawa, akatoa kisanduku cha dawa za kingamwili za kupimia sampuli, akakiweka dirishani, akapakia nyama. Damu ikachuruzika hadi rafu ya chini.

Nikamwambia, "Bosi, hizo dawa zinataka baridi."

Akasema, "Wembe, wewe kata. Kufikiri niachie mimi."

Akanipa kipande cha paja. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nyumbani tulikila.

Jumatatu tarehe 9, saa 2:00 asubuhi, nilikuta kisanduku palepale dirishani, kimepigwa jua siku mbili, inzi juu yake. Bosi akaamuru nikitumie.

Afande ameuliza dawa hiyo ni ya nini. Tezi dume iliyo nzima ukiitia dawa ile, kila kitundu chake huzungukwa na pete ya kahawia. Saratani huiondoa pete. Daktari asipoiona, anaandika saratani. Lakini dawa iliyooza nayo haitoi pete. Ndiyo maana tunaipaka pia kwenye kipande cha ulinganisho, cha mtu anayejulikana ni mzima. Kisipotoa pete, kazi yote inamwagwa.

Saa 5:30 cha ulinganisho kilitoka bila pete, kahawia hata ya dawa hakuna. Sampuli za wazee watatu tuliokuwa tukiwapima saratani siku hiyo, vilevile. Nikampelekea bosi, nikamwambia dawa imekufa. Alichungulia hadubini huku anachokonoa meno. Akasema, "Nitarudia mwenyewe." Nikamwamini, fala mimi.

Hakurudia. Kuagiza dawa nyingine kungemlazimu aandike sababu. Alichukua kioo changu cha ulinganisho cha Februari chenye pete safi, akakibandika tarehe 9 Machi, akawaandikia wazee wote watatu saratani. Nilikikuta kwenye faili baadaye. Ukataji wangu naujua kama mama anavyomjua mwanawe.

Ijumaa tarehe 27 Machi, saa 4:00 asubuhi, nilikata tezi dume iliyotolewa kwa upasuaji, moja ya namba zile tatu. Nikaipaka dawa mpya, iliyofika na shehena ya kawaida ya mwezi. Pete zilijaa kila mahali, kama bangili za bibi harusi. Saratani hakuna.

Kwetu sampuli huja na namba tu. Nikafungua faili nisome jina. Ni fundi cherehani, jirani yangu. Suruali hii niliyovaa kashona yeye.

Saa 8:20 mchana nilimkuta wodini, amelala na mpira wa mkojo. Akanishika mkono. "Wembe, kaka yangu, nasikia aliyenikatia kipimo ni wewe. Umeniokoa. Saratani mmeitoa yote?"

Nilimwambia apumzike.

Kioo halisi cha ulinganisho cha tarehe 9, kisicho na pete, nilikificha kwenye leso. Nakikabidhi. Wazee wawili waliobaki watapasuliwa Jumatano, wakati dawa ile haikupima kitu. Afande, wapigie simu wapasuaji kwanza, kalamu baadaye.

Nimesomewa niliyosema. Ni yangu yote, hata lile paja.

Sahihi ya shahidi: Wembe

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika Jumatatu tarehe 30 Machi, saa 3:05 hadi 4:10 asubuhi. Kioo kimoja kimepokelewa kuwa kielelezo. Daktari wa upasuaji amepigiwa simu. Wazee wawili wameondolewa kwenye orodha hadi wapimwe upya. Shahidi alitaka simu iwekwe spika, asikie kwa masikio yake. Kisha akauliza saa za kuona wagonjwa, akaondoka kuelekea wodini.