Taa za Ofisi Isiyo na Dirisha

Alhamisi jioni, Tukuyu. Mvua hii ilianza jana mchana na haina haraka ya kwenda popote. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na hapa intaneti kafe tumekaa na makoti yetu kama tuko safarini.

Nimechoka, lakini moyo umetulia. Ndiyo maana naandika.

Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kimepata ofisi. Ni chumba kimoja cha nyuma katika jengo lililokuwa ghala la ushirika. Ushirika ulipokufa na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia, ghala likakatwa vyumba. Vya mbele, vyenye madirisha, vilichukuliwa na saluni na duka la simu. Sisi tukapewa kile cha magunia: mlango mmoja unaotazama baraza la nyuma, dirisha hakuna. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo kazi ya kuchagua rangi na taa ikaniangukia mimi.

Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Mwenyekiti alitaka kijani, eti ndiyo rangi ya mkulima. Fundi Ambakisye, mpaka rangi wetu, akapaka kipande kidogo cha ukuta tukitazame. Dukani ile rangi ilipendeza sana. Ndani ya chumba kisicho na dirisha ikawa maji ya bwawa. Tukajaribu krimu chini ya balbu ya njano, ikafanana na ugali uliolala. Mwisho nikakata shauri mwenyewe: juu rangi ya maji nyeupe, chini mpaka kiunoni rangi ya mafuta ya kahawia, kwa sababu wakulima wetu wanapenda kuegemea ukuta na makoti yao yana matope.

Kwenye taa sikutaka mjadala. Balbu ya njano inaidanganya kahawa. Punje nzuri inaonekana ya zamani, na mnunuzi anapata sababu ya kushusha bei. Nikachukua tyubu mbili ndefu zenye mwanga mweupe. Siku taa zilipowashwa mara ya kwanza nilibaki peke yangu nikizitazama kama bibi harusi anayetazama kabati lake jipya.

Halafu ikaja Jumanne.

Ilikuwa siku kama ya leo, giza la mvua mchana kweupe. Mlango nimeuacha wazi harufu ya rangi itoke. Ndani panawaka, nje pana ukungu, na mimi nikiwa mezani siwezi kuona kitu barazani. Wakati wa ile balbu hafifu nilikuwa namtambua mtu kwa umbo kabla hajafika mlangoni. Sasa nikaona koti na kofia tu. Nikainuka, nikatabasamu, nikasema, "Karibu mzee, ingia ndani, usilowe."

Akainua uso. Alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu, nieleze. Mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Ukimwona njiani unachepuka. Akiingia, wewe unatoka. Ukishindwa kutoka, unajifunika na kumpa mgongo. Hata jina lake hulitaji, ndiyo maana hapa utasoma tu "baba mkwe". Wazee wanaita ukutila, na wala si ugomvi, ni heshima. Wengi wa mjini wameacha. Mimi nimeolewa Kisondela, na kwenye familia ile hawajaacha. Tangu niolewe sikuwahi kusimama naye chini ya paa moja, sembuse kumchekea machoni.

Aligeuka akarudi kwenye mvua na mfuko wake wa kahawa. Mimi nikachuchumaa nyuma ya meza kama mwizi aliyesikia mbwa.

Usiku Lusajo, mume wangu, alirudi kutoka kwao. Mama mkwe alimtuma aniambie kwamba chumba chenye mlango mmoja si mahali pa mkamwana kufanyia kazi, na ni vizuri niache. "Mimi sijui, Mama Tumpe," alisema. "Yule ni baba yangu." Hakunilazimisha. Hakunitetea pia, na hilo liliniuma zaidi.

Niseme ukweli hapa, maana nyumbani sikuusema. Naipenda kazi hii. Napenda mnunuzi anapokuja na gari lake na maneno yake, halafu mimi namwaga kahawa mezani chini ya taa, na maneno yanapungua. Sijawahi kuwa na kitu ninachokijua hivyo.

Jana nilimwambia fundi atoe tyubu moja. Akatoa. Chumba kikanywea, kahawa ikawa ya kijivu, nikamwambia airudishe. Akarudisha bila kuniuliza kitu, Mungu ambariki. Nikalala nimeamua kwamba leo namwambia mwenyekiti naacha.

Leo mchana fundi alikuwa juu ya ngazi, anamalizia fremu ya mlango. Nikasikia mtu anakohoa mbali, kule mwisho wa baraza. Akakohoa tena. Fundi akaninong'oneza, "Mama, geuka." Nikajitupia kitenge kichwani, nikaugeukia ukuta.

Sauti ya baba mkwe ikasikika nje, pembeni ya mlango.

"Fundi, mwambie mkamwana, juzi hakukosea. Nilikosea mimi. Nilikuwa nakimbia mvua, sikukohoa."

Fundi akanigeukia, akarudia yote neno kwa neno, kana kwamba mimi niko Kiwira na simu haishiki. Kutoka kwangu mpaka kwa mzee hata ngazi ya fundi isingepata nafasi ya kulala. Nikauambia ukuta, "Mwambie nimesikia. Ndaga, nashukuru."

"Mwambie taa za ndani asiziguse. Wewe weka nyingine huku nje, juu ya mlango, aone anayekuja. Na mama mkwe wake nitaongea naye mimi. Sasa mpe hii kahawa, aitazame yeye."

Fundi akashuka, akachukua mfuko kizingitini, akanimiminia punje kiganjani.

Nikazisogeza kwenye mwanga. Zilikuwa na mabaka meusi. Nikauma moja, ikabonyea kwenye meno. Kahawa ya baba mkwe ilikuwa haijakauka, na ikichanganywa na ya wenzake ingeharibu mzigo wa kikundi kizima.

Ningeweza kusema ni nzuri. Nilitaka sana kusema ni nzuri, baada ya maneno yale. Fundi ananitazama, nje mvua tu.

"Mwambie mzee," nikasema, "kahawa yake mbichi. Siwezi kuipokea."

Safari hii fundi hakurudia neno kwa neno. Alisema, "Mzee, mama anasema, kidogo bado..."

"Nimemsikia," sauti ikamkatisha. "Mwambie nitaianika tena. Na mwambie, asije akaiacha hiyo kazi. Tutauza nini tukibaki na wanaosema kidogo bado?"

Fundi hakurudia. Nikasikia mfuko ukiokotwa na viatu vya mpira vikienda zake kwenye maji. Nilibaki nimeukazia macho ukuta, mweupe kwelikweli, machozi yananitiririka. Fundi aliponiuliza kulikoni, nikamjibu ni harufu ya rangi.

Lusajo sijamwambia. Atasikia kwao, na nataka asikie kwao kwanza.

Kesho asubuhi nanunua taa ya nje, na saa mbili nafungua ofisi.