Dawa ya Bi Hanifa

Ukunda, 5 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na mguu umepoa. Mimi sijambo, isipokuwa kichwa. Naandika kwa sababu tukipigiana simu tunagombana mpaka salio linakwisha. Chande wa hapa kazini atakuletea akija huko kuchukua nazi.

Mama, nimechoka. Mwaka wa tatu huu nazikuza nywele. Nikizivuta kwa mkono zafika chini ya mabega. Nikiziachilia zarudi masikioni, utadhani nilinyolewa Ramadhani iliyopita. Chanuo la pili limevunjika meno. Hotelini navaa ushungi, sina neno. Lakini harusi ni mwezi ujao, na siku ya kutolewa nje, wanawake wa kina Kheri watakaponiangalia kichwa wazi, wataona nini?

Sasa Bi Hanifa, shangazi yake Kheri, yule mwenye saluni hapa Ukunda, ametangaza mbele ya watu kwamba zawadi yake kwangu ni kunitia dawa ya nywele. Zitalala, asema, zitafika mgongoni. Kuna siku nazitaka hizo za mgongoni, sikufichi. Kisha nakumbuka nilipokuwa darasa la nane, shangazi zangu waliposema nitiwe dawa kwa ajili ya Idi, nawe ukanitia, utosi ukabaki wazi. Nishauri, mama. Nitie au nisitie?

Mwanao,
Hafsa

Msambweni, 10 Oktoba 2024

Mwanangu Hafsa,

Waaleikum salaam. Marahaba. Sisi twamshukuru Mungu. Mguu ni hivyo hivyo. Mvua ikitaka kunyesha wenyewe hujua kabla yangu. Babako akusalimu.

Nywele ni zako. Wataka, tia, hutaki, usitie. Ila Bi Hanifa ndiye aliyekuja kukuposa, na akisema neno kwao, limesemwa. Zawadi ikitajwa mbele za watu haikataliwi. Lakini zikikatika usije ukalia kwangu. Mimi wajua dawa haijapata kugusa kichwa changu, na hizi zangu za kiunoni nimezikuza kwa mafuta ya nazi tu. Subira huvuta heri. Fanya uonalo jema.

Usisahau kula.

Mamako,
Mwanaima

Ukunda, 14 Oktoba 2024

Mama,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Natumai nyote hamjambo. Barua nimeisoma mara tatu nikitafuta jibu, sikuliona. Nitie, nisitie, zawadi haikataliwi, zikikatika nisilie. Mimi nishike lipi?

Basi nimeamua mwenyewe. Jana nilikaa mbele ya kioo, nikapapasa pale utosini paliponyonyoka, nikakuta ndipo nywele zilipojaa kuliko kwengine kote. Sitii. Zikionekana fupi na zionekane. Ni zangu na ni nzima.

Lakini kumwambia Bi Hanifa siwezi. Bibi harusi akimkatalia shangazi wa mume, ataitwa mwenye kiburi kabla hajaingia nyumbani. Mwambie wewe, mtu mzima kwa mtu mzima. Ni neno moja tu, hapana. Amenipangia Jumatano, tarehe sita Novemba, kwa hiyo usikawie.

Mwanao,
Hafsa

Ukunda, 28 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Wazima huko? Chande aapa kwamba barua alikupa mkononi, na simu ukipokea wanieleza habari za mguu, kisha wakata.

Bi Hanifa amekuja mpaka langoni pa hoteli, kwa walinzi, kunikumbusha, na kopo la dawa amelileta nilione. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma. Kama huwezi kumwambia, niambie huwezi. Kimya chako kinanichosha kuliko hizi nywele.

Hafsa

Msambweni, 5 Novemba 2024

Mwanangu Hafsa,

Waaleikum salaam. Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Barua hii Chande nimemwomba akupe kesho alfajiri, kabla hujatoka. Usiende saluni.

Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nilimwona Bi Hanifa mbele yangu, nikaiweka chini. Neno hilo la hapana sikulelewa nalo. Basi leo asubuhi nikaja Ukunda bila ya kukwambia, tuktuk ikanishusha mlangoni pa saluni yake. Alifurahi, akaniletea kahawa. Tulipokwisha kuulizana hali nikamwambia, "Bi Hanifa, mahari imekuja na kilemba cha baba kimekuja. Mkaja wangu mimi, niliyembeba mtoto huyu tumboni, sijauona." Akaona haya, maana ni kweli, kwao waliusahau. Akauliza nataka nguo au fedha. Nikamwambia, "Nataka ile dawa ya Hafsa. Nitie mimi, iwe ndiyo mkaja wangu." Akacheka, akanikalisha kitini.

Zimelala kweli. Imeniunguza nyuma ya sikio, na alipoziosha nyingine zilibaki mkononi mwake. Ncha hazikustahimili, akazikata mpaka mabegani. Babako ameniuliza mgeni huyu ametoka wapi. Lakini hakuna aliyekataliwa, na chako kichwa hakikuguswa.

Kula, mwanangu, usiingie harusini umekonda.

Mamako,
Mwanaima

Ukunda, 8 Novemba 2024

Mama,

Assalaam aleikum. Shikamoo. Leo mguu sikuulizi, nakuuliza kichwa. Sikio limepoa?

Nimekasirika, mama. Nilikuomba neno moja, nawe umetoa nywele za umri wako wote ili usiliseme. Nimelia kazini mpaka mgeni mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Sijui nikushukuru au nikugombeze. Leo nakugombeza, shukurani zitafuata.

Jana Bi Hanifa alinipigia kukusifu. Asema hajaona mama kama wewe, ila jambo moja limemshangaza. "Mngeniambia tu kwamba Hafsa hataki," akasema, "kopo ningempa mteja mwingine." Mama, nilikaa chini pale pale, kwenye ngazi za jikoni. Nilitaka kukulaumu, nikakumbuka kwamba mimi pia kopo nililiona kwa macho yangu, nikatabasamu.

Kisha akasema basi niende anitie kidogo tu hapa mbele, pale pa uso. Nikamwambia, "Hapana, shangazi." Akasema haya, akauliza mguu wako waendeleaje.

Siku ya kutolewa nje nitakaa na nywele zangu za masikioni. Wewe utakaa ubavuni pangu, na ushungi hutavaa. Nakuja Jumapili. Hizo zilizobaki usiziguse wala usizioshe, mafuta nitayaleta mimi na kukuchana nitakuchana mimi.

Mwanao akupendaye,
Hafsa