Sahihi ya Kapteni Senga

Jumatatu, 3 Juni

Vumbi la kiangazi limeanza. Nimepangusa fremu zote sita kwa kitambaa kikavu. Sahihi ya mwimbaji, ya askofu, ya yule bondia wa zamani, za wachezaji wawili wa mpira. Zote za mnadani. Ya sita ni ya Kapteni Senga, na hiyo sikuinunua. Nilipewa mkononi.

Hakuna aliyekuja leo. Jana pia.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepita ukumbini, karibu na stesheni, kuangalia vitu vya mnada wa Jumamosi. Kitu kikubwa safari hii ni picha ya Kapteni Senga ameshika kombe, imesainiwa. Niliitambua kabla sijavaa miwani. Mwandiko ni wangu.

Jambo hili niliandike vizuri, maana sijawahi kuliandika mahali popote. Nilikuwa karani wa klabu yake ya mpira, msichana wa mashine ya kuchapa. Kila Jumatatu mashabiki walipanga foleni mlangoni, wakitaka picha yenye sahihi ya kapteni wao. Senga aliacha shule mapema mno. Jina lake aliliandika kwa taabu, na S ilitazama upande usiofaa. Aliona haya sana. Siku moja akafunga mlango wa ofisi, akaniambia, "Mwamini, unisaidie. Na usiambie muntu."

Nikasaini mimi. Miaka minne. S yake nikaitia mkia mrefu, watu wakaipenda.

Siku niliyoacha kazi ili niolewe, alichukua ratiba ya mechi, akaketi kwenye meza yangu, akaandika jina lake mwenyewe. Ilimchukua muda. S imegeuka. Ndiyo fremu ya sita.

Nilimpenda. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 7 Juni

Bwana Floribert, mwendesha mnada, anaomba kila mwenye sahihi ya Senga ailete ili ilinganishwe na ya kwenye picha. Nimewaza mchana kutwa. Nitaipeleka. Siiuzi ng'o. Nataka tu mtu mmoja aitazame na kusema ndiyo, hii ni yake.

Senga amekufa. Mume wangu amekufa. Mwanangu yuko Kolwezi na kila akipiga simu ana haraka. Ninayejua ni mimi tu, na nimechoka kujua peke yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu.

Floribert aliweka ratiba yangu kando ya picha tano zilizoletwa na watu. Zote tano nilizisaini mimi. Akainama na lenzi yake, akatikisa kichwa.

"Mama, hii iko bongo, iko ya uongo. Senga haandikaka hivi. Angalia S, iko ya mutoto wa shule ya primaire."

Ukumbi mzima ukacheka. Mzee mmoja akaniuliza niliinunua wapi uongo huo.

Ningeomba kalamu tu. Ningesaini palepale mbele yao, mkia na kila kitu, na kicheko kingekatika. Halafu wangeanza kumcheka Senga. Nikachukua fremu yangu, nikaketi nyuma.

Picha ikapigwa mnada. Watu wawili wakashindana, akashinda mwanamke mwenye kitenge cha kijani. Floribert akatangaza kwamba huyo ni Yolande, binti wa Kapteni mwenyewe. Makofi. Binti wa mtu amenunua mwandiko wangu akidhani ni wa baba yake, na mimi nimekaa na ule wa kweli mapajani. Niliondoka kabla hajageuka. Nimejichukia njia nzima mpaka nyumbani Katuba.

Jumapili, 9 Juni

Sijala. Fremu bado iko ndani ya mfuko. Sina hamu ya kuitundika.

Jumatano, 12 Juni

Yolande amekuja. Katoka Naviundu, kaulizia nyumba ya mama mwenye karatasi ya bongo mpaka akaipata. Picha ameibeba kwapani.

"Mama, ile karatasi walichekaka, niko naomba niione."

Nikaitoa mfukoni. Aliishika kwa mikono miwili.

"Hii iko ya baba," akasema. "Bulletin yangu ya masomo, ile karatasi ya matokeo, alikuwa anasaini hivi hivi. Zote zilipoteaka wakati tulihama."

Miaka yote hii nilingoja kusikia hivyo. Nilidhani nitafurahi. Nililia kama mjinga.

Akaniambia picha aliinunua akifikiri kwa mashabiki baba yake aliandika kwa namna nyingine. Kisha akauliza nani basi aliisaini. Nilimwahidi Senga sitamwambia mtu. Lakini nilikuwa najisomea humu alipobisha hodi, na daftari hili lilikuwa wazi mezani. Jina la baba yake limejaa kwenye ukurasa, kila S na mkia wake. Akaliona. Akaliangalia na picha, akaliangalia tena. Sidhani alisoma zaidi ya jina. Akalifunga daftari taratibu, akalisogeza kwangu, na hakuuliza tena.

Nikampa ratiba, fremu na yote. Hakuniomba. Ilinichoma kuitoa mkononi, nikaitoa hivyo hivyo.

Mlangoni akaiegemeza picha ukutani. "Foto za baba tuko nazo, mama. Hii ibakie kwako." Akasema atarudi Jumapili tunywe chai.

Jumapili, 16 Juni

Nilinunua maandazi. Nikaosha vikombe viwili. Hakuja.

Naviundu ni mbali, na ana watoto. Chai nimeinywa mwenyewe.

Jumatatu, 17 Juni

Baridi asubuhi. Nimepangusa fremu tano. Msumari wa sita ulikuwa mtupu tangu Jumamosi ile.

Kabla ya kutundika picha niliigeuza. Nyuma, pasipoonekana, nimeandika kwa penseli: Mwamini, karani. Herufi zimepinda, Floribert angesema ni za mtoto. Nikaitundika.