Droni Tatu Juu ya Maji ya Nakivale

Jumatatu, 5 Mei. Ruti, Mbarara.
Nimechaji betri zote. Nimepangusa kamera. Wanafunzi sita, mwanamke ni mimi peke yangu, mkimbizi ni mimi peke yangu. Droni tatu ndogo zinaruka pamoja na kugawana eneo zenyewe. Moja ikianguka, zilizobaki zinachukua fasi yake. Ndivyo Mwalimu Asiimwe anavyosema. Leo mbili zimegongana. Kosa langu, nilizipa zote kimo kimoja. Mwalimu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 7 Mei.
Nimekosea tena. Mwenzangu mmoja kasema muuza mbegu, yaani mimi, arudi kambini Kashojwa kwa mbegu zake. Wote wakacheka. Nimemchukia. Nimejichukia zaidi.

Ijumaa, 9 Mei.
Nimezirusha mara nne, bila kosa hata moja! Mwalimu kanikabidhi sanduku la droni, niwaonyeshe watu kambini. Nimefika Kashojwa nimelowa chapachapa. Mvua haikati.

Jumapili, 11 Mei.
Ibada ilikatishwa. Ziwa Nakivale limepanda na kumeza mashamba ya bondeni. Wakulima saba, Warundi, walikwenda jana kuokoa maharage yao, hawajarudi. Mtumbwi ni mmoja, matete yanampita mtu kimo. Wapiga kasia hawajui waelekee wapi.

Nilimpigia Mwalimu. Barabara ya Mbarara imefunikwa na maji, amekwama ng'ambo.
"Usiningoje. Rusha."
"Peke yangu, Mwalimu?"
"Mama Neema, hii kazi unajua. Rusha!"

Nilirusha. Droni moja juu kabisa, kupitisha mawasiliano. Mbili chini, zikitafuta joto la mwili. Muda si muda upepo ukaangusha moja ya zile za chini. Ikazama kwenye matete. Nikaona nimekwisha, na wale saba wamekwisha.

Sikugusa kitu. Kwenye kioo, ile ya chini iliyobaki ikageuka yenyewe na kuanza kupita mistari ya ile iliyozama.

Kisha nukta nyeupe, joto la mtu. Moja. Tatu. Sita, juu ya kichuguu, maji pande zote. Wa saba yuko wapi? Niliishusha droni. Alikuwa amejifunika karatasi ya plastiki, mguu tu ndio ulionekana.

Nikawaelekeza wapiga kasia kwa simu. "Kuume, baba! Kuume tena! Sasa mbele!"

Saba. Wazima wote saba! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Polisi mmoja, aliyekuwa amesema hii ni michezo ya watoto, alipiga makofi kuliko wote.
Nimefanya mimi. Naandika tena: mimi.

Jumatatu, 12 Mei.
Mwalimu kafika, tope mpaka magotini. Kanipa mkono, mikono yote miwili. Kasema kundi lijalo la wanafunzi tutalifundisha pamoja. Hakuuliza kama nataka. Nataka!

Jumanne, 13 Mei.
Jua. Nimefua. Mchana kaja Mama Consolata, mmoja wa wale saba. Kaleta parachichi. Kaomba kuona picha ya siku ile.
"Huyu hapa ni nani?"
"Ni wewe, mama."
Akaisogeza karibu na macho. Nukta ndogo, nyeupe pe, katikati ya weusi wa maji.
"Baridi ilinishika, nikajua nimeshakufa," kasema. "Kumbe nilikuwa nawaka hivi?"
Tumekaa mlangoni tukiitazama.